Nuru Tumboni mwa Panya

Wahenga walijua kwamba jicho lina pupa: likiona king'aacho, hukiita mali kabla mkono haujakipima. Mtafiti mmoja aliijua methali yao tangu shuleni, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa. Kuijua, aliijua, kuitii ndiko kulikomshinda.

Kazi yake ilikuwa kuwadunga panya wagonjwa chembechembe ndogo kuliko vumbi. Hizo zilitarajiwa kunata kwenye uvimbe wa ini na kuwaka zikimulikwa, ili kamera iuone uvimbe ndani kabisa ya mwili bila kisu. Siku panya wa kwanza alipong'aa tumboni kwenye skrini, mtafiti aliruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

"Dada, subiri," alisema mwenzake wa maabara, ambaye kwa tabia hiyo walishambandika jina la Bwana Subiri. "Tumpige picha pia panya ambaye hatukumdunga, tuone."

"Wivu huo! Ungegundua wewe, ungesubiri?"

Mtafiti akampigia simu baba yake, ambaye naye alikuwa na uvimbe wa ini na alikwisha kupangiwa upasuaji.

"Baba, tumeuona! Bila kukata!"

Mzee, aliyeogopa kisu kuliko kifo, akadhani kuonwa bila kisu ni kutibiwa bila kisu, akaghairi upasuaji. "Nangoja taa ya binti yangu," akawaambia madaktari. Binti alipopata habari, moyo ulimwambia amkanye. Lakini sifa ni tamu jamani, akanyamaza.

Miezi ikapita. Waliotakiwa kuipitisha kazi yake wakadai picha ileile aliyoiomba Bwana Subiri. Panya asiyedungwa akalazwa chini ya kamera. Aling'aa vilevile, palepale! Kumbe ni majani yaliyosagwa katika chakula chao. Majani nayo huwaka yakimulikwa. Chembechembe hazikuwa zimefika kwenye uvimbe wowote.

Mtafiti alikwenda mbio kwa baba yake. "Baba, nilikosea. Twende hospitali leo hii."

Daktari alizitazama picha za mzee, akavua miwani. "Mngekuja wakati ule. Sasa umeenea, hatuwezi tena kukata."

Mtafiti alilia kwa kwikwi. Baba akamshika mkono. "Nyamaza, mama. Hata mimi nilitaka iwe kweli."

Msamaha huo ulimchoma kuliko lawama yoyote, na hadi leo unamchoma. Hakika, vyote ving'aavyo si dhahabu.