Anayetangulia Kukanyaga Mwezi

Hadithi ninayo, niitue?

– Itue tuione.

Nikizidisha chumvi?

– Tutakunywa maji.

Heri nyinyi mna maji. Kule hayakuwepo. Na msiniulize nimejuaje: nilikuwepo, nimekaa juu ya kichuguu, naona kila kitu.

Ukame ulikuwa mwaka wa nne. Ikasemwa mwezini kuna barafu. Tembo, mwenye serikali, akasema, "Mwezi ni wa umma. Tutaunda chombo." Akaita kikao. Kikao kikazaa kikao.

Fisi, mwenye kampuni, akacheka. "Mzee, umma hauna chombo. Mimi ninacho."

Tembo akampa kibali.

Akatakiwa mnyama mwepesi wa kukijaribia. Wakamchukua mtoto wa kwanza wa Mama Buku, panya mjane. Tembo akagonga muhuri, ko! Fisi akawasha, ngurrr! Chombo kikapaa, kikapaa, pu! Wakamchukua wa pili. Tembo akagonga muhuri, ko. Fisi akawasha, ngurrr. Kikapaa, kikapaa, pu. Hawakupata hata kulia, wale wawili.

Akabaki Kijino, binti wa mwisho.

"Safari hii kitafika," Fisi akasema. "Tumekaza misumari."

Mama Buku alimtazama mwanawe akifungwa mkanda. Akafuta pua, akauliza kwa adabu, "Bwana Mkubwa, kwetu anayetangulia kukanyaga pori ndiye mwenye shamba. Na mwezini?"

Tembo hakuinua macho. "Sheria ni hiyo hiyo."

"Ahsante. Basi mwezi utakuwa wa Kijino. Bwana Fisi akija kuchota barafu, abishe hodi."

Fisi akaacha kutafuna. "Mimi nimbishie panya hodi?"

"Tena uiname, jirani. Milango yetu mifupi."

Fisi akamvuta Kijino mkia, akamtupa nje, akajipenyeza ndani mwenyewe. Tembo akagonga muhuri, ko, hata hakuuliza nani yumo. Ngurrr. Kikapaa, kikapaa. Tukangoja pu. Haikuja. Wala Fisi hakurudi, wala maji.

Tembo akaita kikao.

Mama Buku akaenda nyumbani na Kijino. Mikeka ya watoto ilikuwa mitatu. Akakunja miwili.

Funzo lake, wanangu: wakubwa wakikuchagua kwa faida ya umma, panda upesi, usiulize. Kampuni inakupenda, na serikali inakuona.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye mgongo aibebe. Chumvi yangu ni punje moja tu: pale niliposema wale wawili hawakupata kulia.

Walilia.