Mbegu za Mwati na Mwenye Kiberiti

Wapendwa, wenye miti ya miwati shambani inueni mikono. Ehe! Wengi. Basi mtanisahihisha nikikosea.

Kulikuwa na mjane mmoja, huku huku kwetu kwenye baridi. Mumewe alimwachia watoto na shamba la miwati, basi. Lakini shamba hilo, ndugu zangu! Gome aliwauzia watengeneza ngozi, shina likawa mkaa, matawi yakawa kuni. Maua ya njano yakichanua, nyuki wanajaa kwenye mizinga yake. Hata mahindi aliyopanda alipokata miti yalistawi, maana mizizi ya mwati hurutubisha udongo. Nyumba nzima inakula kwa mti mmoja!

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akalitamani shamba. Akajisemea, miti ikiisha, huyu mama atarudi kwao. Jumapili moja ya kiangazi, watu wako ibadani kama ninyi hapa, akawasha kiberiti. Mama anatoka kanisani, anakuta majivu. Alilia, wapendwa. Nani asingelia?

Na shemeji akaja kumpa pole! Mnanisikia? Akaja kutoa pole! "Shemeji, sasa utaishi na nini hapa? Rudi kwenu kabla mvua hazijaanza."

"Mvua ndiyo ninayoingoja," mama akasema.

"Inyeshee nini? Majivu?"

Ikanyesha. Haleluya, ikanyesha! Shamba likawa kijani, miche imesongamana kama mchicha! Shemeji akaja mbio. "Umepanda lini?"

"Sijapanda. Mbegu zimekuwa zikianguka miaka yote, zimelala ardhini. Ganda la mbegu ya mwati ni gumu, maji hayapenyi mpaka lipate moto. Mimi nilikuwa nazichemsha kwenye sufuria kabla ya kupanda, kidogo kidogo. Aliyewasha kiberiti amenichemshia shamba zima."

Pigeni makofi! Mpigieni Mungu makofi!

Haya, yatosha. Kaeni, sijamaliza.

Mama akamtazama. "Shemeji, Jumapili ile niliangalia upande wa wanaume. Hukuwepo." Yule bwana akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mama akasema, "Miche imezidi, lazima ipunguzwe. Piga magoti tung'oe. Utakayong'oa, kapande kwako."

Akapiga magoti pale pale, kwenye majivu yake mwenyewe.

Sasa niwaulize. Mlipopiga makofi, mlikuwa nani katika habari hii? Nimewaona! Kila mmoja alikuwa mjane. Kanisa zima wajane, hata wazee wa kanisa wenye ndevu! Basi nani anayechoma mashamba kijijini kwetu? Nani alimsema jirani mpaka ndoa yake ikaungua? Nani amesogeza mpaka wa yatima, kisha akaenda kumpa pole?

Ni sisi. Tunapenda sana ushuhuda wa mbegu, kiberiti hatukitaji. Mungu anaweza kuotesha majivu, ni kweli, namsifu! Lakini hilo halikutakasi wewe uliyewasha.

Kwa hiyo hatuimbi bado. Kila mtu aguse mfuko wake. Mwenye kiberiti ainuke, mlango uko wazi, aende kwa aliyemchomea.

Nenda, ndugu yangu. Tutakungoja.