Ukuta wa Nakijwa

Hebu vuteni picha ya kijito cha mlimani wakati wa masika. Maji yamepanda hadi kwenye nyasi za ukingo, na humo, mahali ambapo maji hayapiti kifundo cha mguu, wamejaa samaki wachanga, kila mmoja mdogo kama punje ya mpunga.

Mjane mmoja, Nakijwa, alikuwa na shamba kando ya kijito hicho. Aliwapenda samaki wale. Kila asubuhi aliwarushia makombo ya ugali. Alijua kwamba hatua chache chini yao kuna kilindi, na kilindini kuna samaki wakubwa wanaokula wadogo. Basi akapanga mawe kati yao na kilindi, akaziba nyufa kwa udongo na majani ya migomba. Mwezi ule wa kwanza ukuta uliwaokoa wengi. Nawaambia hivyo ili msimcheke.

Mvua zikakoma. Samaki wakafikia urefu wa kidole, kisha wa kiganja. Makombo wakayaacha. Kutwa nzima walikwenda na kurudi kandokando ya mawe.

Senkondo, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa akitega samaki kwa migono. Siku moja alipita pale, akasimama.

"Shemeji, hawa wanatafuta njia. Toa jiwe moja tu."

"Bado wadogo. Au ni mgono wako huko kilindini unaoona njaa?"

Senkondo akacheka. "Mgono upo, sikatai. Lakini maji nayo yapo huko huko."

Nakijwa hakutoa jiwe.

Kiangazi kikaingia, kijito kikanywea. Alichota maji kilindini, ndoo baada ya ndoo, akawamwagia, na mchanga ukayanywa. Alibeba maji kuwapelekea samaki; kuwabeba samaki kuwapeleka kwenye maji hakukumjia akilini. Siku alipoubomoa ukuta kwa mikono yake, upande wa pili, hadi ukingo wa kilindi, palikuwa pakavu pia. Samaki walikuwa wamelala chini ya mawe, wamekufa, vichwa vyote vimeelekea kilindini. Akawaokota mmoja mmoja, akawaweka kwenye kanga yake.

Ninyi ambao watoto wenu wameanza kuyaacha makombo, sitawauliza habari za mawe. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: Nakijwa aliwapenda.