Nani Alichukue Jina la Silvano?

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi ya leo haimalizwi na mimi. Mimi nimeibeba muda mrefu na mabega yameniuma. Leo nawatwika ninyi.

Katika nchi ya Kusini, kijiji cha Mtandura, walikuwapo wapwa watatu wa mjomba mmoja. Filipo, mkubwa wao, alipata kuwa askari, na hakuogopa kitu chochote kinachoonekana kwa macho. Auleria alikuwa mwalimu. Alisoma herufi za Kizungu na za Kiarabu, na mwandiko uliofifia vipi haukumshinda. Yustini, mdogo wao, alikuwa mkulima mwenye ulimi mtamu: angeweza kumwomba jirani jembe lake katikati ya msimu wa kulima, akapewa, na kushukuriwa juu yake.

Mjomba wao, Silvano Namkumba, alikuwa yote hayo peke yake. Ujanani, kabla karne ya kumi na tisa haijaisha, alikuwa askari wa Wazungu. Baadaye akawa anaandikia gazeti la misheni habari za Kusini, na wakati huohuo akilima mtama, mtama mwekundu wenye suke zito ambao watu walitoka mbali kuja kuutazama. Kila alichokifanya alikiandika. Karatasi zake zilijaa sanduku la bati, na sanduku lilikaa chini ya kitanda chake. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Alipoona siku zake zimekwisha, aliwaita wapwa wake.

"Nilikwenda Nambunda na bunduki," aliwaambia. "Tuliamriwa tuchome maghala, nami nikachoma. Kabla ya kuchoma nilijaza mfuko wangu mbegu ya mtama. Kisha nikaandika gazetini kwamba watu wa Nambunda walichoma chakula chao wenyewe, wakakimbia. Mwaka ule walikufa njaa. Yote yamo sandukuni, kwa mkono wangu."

"Mjomba, mbona hukwenda kuwaambia?" Auleria aliuliza.

"Nimekwenda mara nyingi. Nafika kwenye mto unaotutenga nao, narudi."

Akapumzika kidogo, akasema tena, "Siku ya kuondoa matanga, karatasi hizo zisomwe mbele ya watu wa Nambunda. Atakayelifanikisha jambo hilo ndiye arithi jina langu."

Hapo inabidi niwaeleze, maana naona wengine mnanikodolea macho. Katika ukoo ule jina la marehemu halizikwi. Mtoto wa dada yake hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu siku ya kuondoa matanga, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Anasalimiwa kama Silvano na kushukuriwa kama Silvano, na kama Silvano alimkosea mtu, analaumiwa yeye. Kwa hiyo jina lile lilikuwa heshima, na lilikuwa mzigo. Msilisahau hilo mtakapoanza kubishana.

Silvano akafa, akazikwa. Sasa wasikilizeni wapwa wake.

Desturi ya Mtandura ni kubomoa nyumba ya marehemu na kuchoma nyasi za paa lake. Kijinga cha moto alipewa Filipo. Filipo alijua kwamba sanduku lilikuwa bado chini ya kitanda. Nasema alijua, msije mkamtetea. Alisimama mbele ya nyumba akafikiri: karatasi hizi zikiungua, aibu imeungua nazo, na watoto wetu watapita Nambunda vichwa juu. Akawasha. Moto ukapanda, na ndani bati likaanza kulia kwa joto. Mlio ule ulimkumbusha mjomba wake alivyowasha maghala ya watu, na moyo ukamgeuka. Akaingia. Alitoka na sanduku kichwani, mikono imebabuka ngozi. Watu walimwimbia, wanawake wakampigia vigelegele, na yeye akatamani ardhi ipasuke immeze.

Zamu ya Auleria. Karatasi zilizotoka motoni zilikuwa na kingo nyeusi, na nyingine, zile za zamani zaidi, zilikuwa kwa herufi za Kiarabu zilizokaribia kufutika. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma. Auleria akazitandaza kwenye nyungo uani, akawa anaziinua mojamoja mbele ya jua, anasoma na kunakili. Macho yakamvimba. Akafika kwenye karatasi ya gazeti, ile ambamo Silvano alieleza namna alivyotunga uongo. Kumbukeni kwamba Auleria alipata ualimu kwa sababu alikuwa mpwa wa yule mwandishi mashuhuri, na watoto darasani aliwafundisha kwa habari zilezile za mjomba wake. Akajiambia kwamba dhambi ya moto inamtosha maiti mmoja. Akaisukuma karatasi ile chini ya ungo, akaendelea na inayofuata. Usiku kucha hakupata usingizi. Asubuhi akaitoa, akainakili neno kwa neno.

Na Yustini? Yeye alitumwa Nambunda kuwaita watu. Watu wa Nambunda na wa Mtandura hawakuwa wakioana wala kuzikana, na kila mlango aliobisha aliambiwa arudi kwao. Mwisho alifika kwa Bibi Asumini, ambaye mwaka wa njaa alikuwa msichana mdogo, na mdogo wake alikata roho mapajani mwake. Kijiji kilimsikiliza yeye. Akisema twende wangekwenda, akikataa ingekuwa basi.

"Mjomba wangu aliwapenda sana watu wa Nambunda, Bibi," Yustini alisema kwa ule ulimi wake. "Ameacha sadaka yenu. Njooni mle nasi." Akamfungulia kikapu cha mtama aliouleta kama zawadi.

Bibi Asumini aliuchota mtama, akausugua kiganjani, akautazama kwa muda.

"Mtama huu nilikuwa nauona kwa baba yangu," alisema. "Mmeupata wapi?"

"Tuliununua sokoni, Bibi."

Bibi akafunga punje chache kwenye pindo la khanga yake, na siku ya matanga Nambunda wakaja, yeye akiwa mbele. Njia nzima Yustini alimbebea mkeka wake. Hakumtazama usoni hata mara moja.

Basi siku ikafika. Auleria akasimama akasoma yote: moto, mbegu na uongo. Alipomaliza, Bibi Asumini alifungua pindo la khanga, akazishika zile punje mkononi.

"Nimesikia," alisema. "Mdogo wangu alikuwa akiomba uji, na uji ndio huu. Moyoni nimebeba chuki na nimeichoka, ningependa kuitua kabla sijafa. Lakini siwezi kumsamehe mtu aliye kaburini, wala siwezi kuisamehe karatasi. Mkalisheni Silvano kwenye kigoda chake, niseme naye."

Watu wote wakawageukia wale watatu. Mlidhani watagombania jina? Walilikimbia.

"Akae Auleria," Filipo alisema. "Bila macho yake, karatasi hizi zingekuwa za kufungia karanga. Mimi siwezi. Nyumba niliichoma nikijua sanduku limo."

"Akae Yustini," Auleria alisema. "Bila yeye ningesoma mbele ya mbuzi. Mimi niliificha karatasi ya gazeti, na nisingeshindwa kulala mngeikosa mpaka leo."

"Akae Filipo," Yustini alisema, na safari hii ulimi ulikuwa mzito. "Bila yeye kusingekuwa na cha kusoma wala cha kumwitia mtu. Wenzangu walikosa wakajirekebisha kabla ya leo. Mimi nimengoja mpaka Bibi amesikia kwa kusomewa. Bibi, mtama ule hatukuununua."

"Hilo nilijua ulipofungua kikapu," Bibi Asumini alijibu. "Nilikuja ili nione kama yuko mtu wa Mtandura atakayelisema."

Hapo mkutano ukachafuka. Wako waliosema jina ni la Filipo: aliwasha kama Silvano, lakini yeye aliingia motoni kuokoa, jambo ambalo Silvano hakulifanya. Wako waliosema ni la Auleria, kwa kuwa uongo wa gazetini uliishi muda mrefu kuliko moto, na ni yeye aliyeumaliza kwa sauti yake. Wengine walimtaka Yustini, eti amekosa zaidi ya wenzake, na msamaha apewe anayeuhitaji zaidi. Mzee mmoja wa Mtandura akanyanyuka akasema aketi mtu asiye na hatia yoyote. Wakatazamana. Kila mtu wa Mtandura aliyekuwa pale alikulia mtama ule mwekundu, na yeye mzee alikuwa bado na wa asubuhi tumboni. Akarudi kuketi alipokuwa.

Jua lilikuwa limeshuka, na Nambunda ni mbali kwa miguu ya mtu mzima.

"Wanangu," Bibi Asumini alisema, "mimi nikivuka mto ule leo, sitarudi tena."

Basi. Kigoda kile pale, hakina mtu. Bibi amefumba punje mkononi na neno lake liko mdomoni. Filipo ameinamisha kichwa, Auleria anazikunja karatasi zilizokwisha kukunjwa, Yustini ameushika mkeka wa Bibi na hajui autandike au aubebe.

Haya, ninyi mliokula mkashiba. Bibi anasubiri. Ungekuwa wewe, ungemkalisha nani?