Pumba za Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakipanga foleni ya kusagisha mahindi kama sisi, Bi Pimbi alikuwa na mashine ya unga. Alikuwa mdogo hivi kwamba alipanda juu ya debe ili aifikie swichi.

Mteja wake mkubwa, kwa umbo na kwa majigambo, alikuwa Bwana Kiboko.

"Koboa!" alinguruma. "Koboa mara tatu! Nataka sembe nyeupe pee. Pumba wape kuku."

"Na kunde je? Mchicha?"

"Mimi nile majani? Nimekosa nini?"

Akala sembe yake, akashushia chai ya sukari vijiko tisa. Mwaka haukuisha, kiu ikamshika. Anakunywa mto, gluu-gluu-gluu, na bado anatweta. Kidonda cha mguuni kikagoma kupona. Mnadhani alijiuliza anakula nini? Thubutu!

Akaja mashineni, puu! puu! puu!

"Pimbi! Umeuroga unga wangu! Mwezi ukiandama sijapona, naikanyaga mashine yako iwe bapa!"

Bi Pimbi akashusha pumzi. "Bwana Kiboko, tumboni mwako wamo vijidudu, maelfu kwa maelfu. Ni wapangaji wako. Wakipata pumba, kunde na majani, wanakutunza: sukari inatulia mwilini, vidonda vinafunga. Wewe umewanyima, sasa wanatafuna kuta za nyumba."

"Nani amewapangisha?"

"Ulizaliwa, wakahamia."

"Bila kuniuliza? Wafe njaa! Nyumba ni yangu!"

"Nyumba ndiyo wewe!"

"Usinipandishie sauti, kinyama cha mfukoni!"

Jamani! Mtu umweleze mara ngapi? Bi Pimbi alimweleza Jumatatu, akamweleza Jumatano, Ijumaa akamchorea tumbo mchangani kwa kijiti. Kiboko akaukanyaga mchoro, akaagiza sembe.

Basi, Bi Pimbi akaacha kubishana. Akapika ugali wa dona na pumba zake zote, mchuzi wa kunde, mchicha, na bakuli la maziwa mgando. Akafunika kwa ungo, akakaa juu ya ungo.

"Kinanukia nini hapo?" Kiboko akauliza.

"Hakikuhusu. Ni chakula cha wapangaji wako. Wewe usiguse hata tonge."

"Ati! Wapangaji wale vizuri kuliko mwenye nyumba?"

"Ndiyo hivyo."

"Toka hapo!" Akamsukuma kando. Papu! tonge. Papu! tonge. Akalamba na bakuli. "Nimewakomesha! Sasa nione watakula nini!"

Kesho yake akarudi kuwakomesha tena. Na keshokutwa. Kila siku, mpaka mwezi ukaandama.

Siku hiyo alikuja bila kutweta, kidonda kimekauka.

"Unaona, Pimbi? Nimewanyang'anya chakula chao chote, na nimepona!"

"Hongera, bwana. Na chakula hicho ulikiweka wapi?"

"Tumboni m..."

Macho yakamtoka.

"Pimbi."

"Abee."

"Zile zilikuwa pumba za kuku?"

"Zile zile."

Kiboko akafungua kinywa chote angurume, lakini tumbo likamtangulia: nguruuu!

"Wanasemaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wanauliza cha leo kiko wapi."

Kiboko akaketi chini, akauvuta ungo uliofunika chakula cha leo. "Kuanzia kesho usinikobolee," akanong'ona. "Na usimwambie mtu."

Bi Pimbi akapanda juu ya debe lake, akaitangazia foleni nzima.

Funzo: hata uwe mkubwa namna gani, wasikilize wadogo, kwa maana afya yako imo mikononi mwa wadogo kuliko wote.