Wino wa Maganda ya Komamanga

Alikuwako Sultani Ghalibu bin Nasri, mtawala wa mji wa Rasidani, na mji huo ulikuwa na bustani za komamanga na hamamu za marumaru, na raia wake walimpenda kwa uadilifu wake. Mkewe alifariki siku aliyomzaa binti yao, Nargisi, naye alipokuwa mjamzito alikuwa amemwandikia mwanawe barua saba, kana kwamba moyo ulimwambia kuwa hawataonana. Nargisi alikua akizisoma, na hakuwa na mama mwingine ila maandishi hayo. Alipotimiza miaka ishirini wino ukaanza kufifia, na barua moja ikawa nyeupe kabisa, na binti akaacha kula. Hapo Sultani akatangaza kwamba atakayeyarudisha maandishi atapewa atakacho, na atakayeziharibu barua atakatwa kichwa.

Mjini humo alikuwako dobi fukara, jina lake Lutfi. Siku moja, akifua kanzu mtoni, aliokota mtungi uliozibwa kwa madini ya risasi, na alipouzibua ukatoka moshi wa buluu, na moshi ukawa jini mwanamke mrefu kama mnara, akainama na kusema, "Mimi ni Zamharira, mtumwa wa mwenye mtungi huu. Niamuru, bwana wangu."

Lutfi akasema, "Bibi, binti Sultani anafiwa na mamaye mara ya pili. Yarudishe maandishi yake."

Jini akasikitika. "Majumba naweza kujenga na mito naweza kukausha, ila maneno ya marehemu siyajui, na nikiyaandika nitaandika uongo. Lakini nilimtumikia mtia rangi wa wafalme wa kale, na kazi yake naijua. Hiyo nitakufundisha."

Basi Lutfi akajifunza kuvundika majani ya mnili, mmea wa rangi ya buluu, mpaka yanuke, na kuona kitambaa kikitoka kijani na kugeuka buluu kikipigwa na upepo, na kuchemsha magome ya mkoko yatoe wekundu. Zamharira hakuwa na subira. "Umekoroga mno, unapika rangi au uji?" humkaripia, kisha humpaka mafuta vidole vilivyoungua, na haukupita mwezi akaacha kumwita bwana wangu, akawa anamwita mwanangu.

Siku ya arubaini alimchemshia maganda ya komamanga, akatumbukiza msumari wenye kutu, na maji yakawa meusi. "Huu ndio wino wa makatibu, na barua za wafalme huandikwa kwa huo," akasema.

Lutfi akawaza, akauliza, "Bibi, wino huu ukififia, chuma chake huenda wapi?"

"Hakiendi popote. Hubaki ndani ya karatasi."

"Basi kilichotoweka ni komamanga tu, na komamanga ninalo."

Jini akatabasamu. "Hilo hata yule bwana wangu wa kale hakuliwaza."

Lutfi alipofika barazani kwa Sultani, Waziri akapinga, akisema, "Ewe mola wangu, dobi huyu atazilowesha barua zikaoza."

"Baba, barua ni zangu," akasema Nargisi. "Aanze na ile iliyokwisha kuwa nyeupe."

Lutfi akachovya unyoya katika maji ya maganda, akaupitisha juu ya karatasi, na hakuna kilichoonekana, na mkata vichwa wa Sultani akashika upanga wake. Kisha herufi moja ikajitokeza, na ya pili, na mstari mzima, na Nargisi akasoma kwa sauti: "Mwanangu, leo umenipiga teke nikiwa mbele ya wageni, nikacheka, na baba yako akadhani namcheka yeye."

Sultani akalia mbele ya watu wote. Barua zote saba ziliporudi akasema, "Omba utakacho."

"Bwana wangu, nimekwisha kupata. Nimemwona akisoma."

"Mimi ningependa aniombe mimi," akasema Nargisi, na Lutfi akaomba.

Lutfi akamwacha huru Zamharira, naye akakataa kuondoka kabla hajatia rangi nguo za bibi harusi kwa mikono yake, bila uchawi. Nyumba ya Lutfi ya kutia nguo rangi ikawa mashuhuri, na mali ikaja, na yeye na Nargisi wakaishi wakipendana. Na aliyeisikia habari hii ajue kwamba uwezo wa majini ni mkubwa, lakini anayejifunza kazi kwa mapenzi hufikia pale ambapo jini hafiki.