Kiganja cha Mboni

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba ugali wangu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogezeni miguu. Na wewe unayechezea kijinga cha moto, kirudishe jikoni, maana hadithi yenyewe ni ya moto.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamdoe. Nyumba zote za Kwamdoe zilikuwa za udongo na makuti. Moto na makuti mnavijua, havihitaji kutambulishwa. Kwa hiyo wenyeji walijiwekea desturi. Kila mwaka baada ya mavuno, kila nyumba ilisuka makuti yake, kisha ikasuka mzigo mmoja wa ziada. Mzigo huo uliitwa kuti la jirani. Uliwekwa juu ya dungu, jukwaa refu la miti lililokuwa katikati ya kijiji, na nyumba ikiungua, iliezekwa kwa makuti ya dunguni. Mlinzi wa dungu alikuwa Nungunungu, na sheria yake ilikuwa moja tu: "Asiyeweka hachukui."

Basi palikuwa na mtu akiitwa Semhina, na mkewe, na binti yao mmoja tu, Mboni. Siku nyumba yao ilipokandikwa, Mboni alikuwa na miaka minne. Wakubwa wakipiga udongo ukutani, naye akaja akabandika kiganja chake kwenye udongo mbichi kando ya jiko. Semhina akanyanyua mkono aisawazishe ile alama.

Mkewe akamwambia, "Iache, Baba Mboni. Itakauka na nyumba."

Ikakauka na nyumba. Lakini Mboni hakukua. Masika yaliyofuata alishikwa na homa, siku ya tatu akafa. Kuna maneno hata msimulizi hapendi kuyarefusha.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, Mama Mboni aliweka kiganja chake juu ya kile kidogo cha ukutani. Hakumwambia mtu. Aliyemwona ni Mjusi peke yake, aliyekuwa akikaa darini mwao.

Msimu wa makuti ukafika. Nungunungu akapita. "Semhina, kuti la jirani liko wapi?"

"Mwaka huu nimefiwa."

Mwaka wa pili akapita tena. "Semhina, kuti la jirani?"

"Mikono yangu bado haina nguvu."

Mwaka wa tatu akapita. "Semhina, na leo?"

Semhina akacheka kicheko kisicho na raha. "Bwana Nungunungu, msiba ulishaingia kwangu, ukala, ukashiba. Urudi kutafuta nini? Wasuke wale ambao haujawafikia."

Nani angembishia mfiwa? Nungunungu akaenda zake. Lakini msiba, wajukuu zangu, hauna adabu ya kupokezana zamu.

Siku moja mchana, mume na mke walikuwa shambani wakilima. Jikoni walikuwa wamefukia moto kwenye majivu, kama kila mtu afanyavyo. Ukaja upepo, ukafukua jivu, ukarusha cheche darini. Walipouona moshi na kukimbia nyumbani, paa lilikuwa limekwisha. Vitanda vimekwisha, mbegu zimekwisha, nguo zimekwisha. Mjusi aliruka kutoka darini, mkia wake ukabaki motoni.

Zilibaki kuta tupu, nyeusi, zimepasuka, zikiangalia mbingu. Na kwenye mmoja, kando ya jiko, kiganja cha Mboni kilikuwepo.

Mama Mboni akaenda akakigusa. Kisha akatazama mlimani. Wingu la kwanza la masika lilikuwa limekwishatanda. Nanyi mnajua ukuta wa udongo usio na paa unavyofanywa na mvua.

"Baba Mboni," akasema, "sitaki kitanda. Sitaki chungu. Nataka paa juu ya ukuta huu tu. Nenda kaombe."

Semhina akainamisha kichwa. "Nitaomba kwa uso gani? Miaka mitatu sikuweka."

Akakaa pale pale, mzito kama gogo. Msimwonee hasira sana. Aibu juu ya majonzi ni mzigo wa watu wawili.

Basi Mjusi, mkia umekatika, akaenda yeye. Akafika kwa Nungunungu.

"Paa limeungua, ukuta umebaki, mvua iko njiani!"

Nungunungu akasema, "Pole yao. Lakini asiyeweka hachukui."

Mjusi akakimbia hadi kwa jumbe wa kijiji.

"Paa limeungua, ukuta umebaki, mvua iko njiani!"

Jumbe akasema, "Pole yao sana. Jambo hili zito, tutalikalia baraza kesho kutwa."

Mjusi akakimbia hadi kwa Bi Ruzuna, mfinyanzi, mikono yake imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Paa limeungua, ukuta umebaki, mvua iko njiani!"

Bi Ruzuna akainua macho. "Mwanangu, ukuta ulioungua wa nini? Si watajenga mwingine?"

Hapo ndipo Mjusi alipoulizwa. Wale wawili walimpa pole, ila hawakumuuliza. Akasema, "Ukuta ule una kiganja cha Mboni."

Bi Ruzuna akakitupa chungu alichokuwa akikifinyanga. Akapanda juu ya banda lake la kuchomea vyungu, akang'oa makuti kwa mikono miwili, akayabeba kichwani. Kila aliyekutana naye alimuuliza, "Shoga, umepatwa na nini?" Naye kila aliyemuuliza alimjibu neno lile lile: "Ukuta wa Semhina una kiganja cha mtoto!" Habari ikamfikia jumbe, akasahau baraza. Ikamfikia Nungunungu, miiba yote ikamsimama. Akapanda dunguni mwenyewe, akaanza kuteremsha mizigo. Kijiji kizima kikakimbia, makuti vichwani.

Mvua ikakimbia zaidi.

Walipofika walimkuta Mama Mboni amejibandika ukutani, mikono ameitandaza, mgongo wake ndio paa. Matope yalikuwa yakimtiririka kati ya vidole. Semhina alikuwa nyuma yake, anamfunika kwa mwili wake, naye analia kwa sauti. Watu wakaanza kuinua makuti. Ukuta ukasema pwaa, ukakaa chini.

Mama Mboni hakupiga kelele. Alisema polepole, "Sasa amekufa."

Watu wote wakasimama na makuti yao, mvua inawapiga, hakuna aliyejua pa kuyaweka.

Bi Ruzuna akapiga magoti kwenye matope. Akapapasa. Akapapasa tena. Mara ya tatu akasimamisha mikono. "Mimi udongo wangu nauchoma siku nzima ili maji yasiuyeyushe," akasema. "Nguzo yenu iliangukia hapa, ikawaka hapa. Hapa pamechomeka."

Akatoa kipande kigumu kama kigae, akakiosha kwa mvua ile ile. Kilikuwa na vidole vitatu. Dole gumba, kidole cha mwisho na sehemu kubwa ya kiganja vilikwenda na maji, na mpaka leo havijaonekana.

Mama Mboni akakipokea, akaviweka vidole vyake juu ya vile vitatu. Ndipo akalia.

Semhina akamgeukia Nungunungu. "Mimi sikuweka."

Nungunungu akajibu, "Nasi hatukuuliza ukuta una nini." Sheria yake hakuitaja hapo, wala hakuisema tena.

Mvua ilipotulia walijenga nyumba, wakaiezeka kwa makuti ya dunguni. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na Mama Mboni hakuipenda kama ya kwanza. Kile kipande walikikandikia kando ya jiko, kwa kimo cha mtoto wa miaka minne. Ikawa inambidi Mama Mboni ainame kila asubuhi ili akiguse. Naye Semhina kila mwaka akasuka mizigo miwili ya kuti la jirani. Akiulizwa wa pili ni wa nani, husema tu, "Pandisha dunguni."

Mjusi tangu siku ile akaacha kukaa darini, akahamia ukutani. Ukimsikia anafanya ch, ch, ch, usimpige kwa kiatu. Anakumbusha: paa limeungua, ukuta umebaki, mvua iko njiani.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Anayeondoka apite kwa jirani amuulize habari zake, na wa mwisho afukie moto vizuri.